Hakuna Aliyekwenda kwa Rispa

Watu wa siku hizi wakisikia jina la jarida la Kwa Jirani wanatoa simu mfukoni. Mimi nikilisikia nanusa wino na mafuta ya taa, na namwona Drusilla Nyakerario amefunga kitambaa kichwani, kurasa ameziweka ndani ya mfuko wa unga ili zisilowe, anatoka Suneka kwenda kutafuta mtu wa kumsomea.

Jarida lilianzishwa na mumewe, Ombati, aliyekuwa karani katika kituo cha kununulia majani chai upande wa Nyamira. Alichoka kusikia habari moja ikisimuliwa namna tatu. Ng'ombe akipotea mpakani, Wakisii walikuwa na habari yao, Wakipsigis yao, na Wajaluo waliokuja kununua mifugo sokoni walirudi kwao na ya tatu, na kila upande uliapa. Ombati akanunua mashine ya kuchapia, ile ya kuzungusha kwa mkono, kutoka misheni moja iliyokuwa ikifunga ofisi yake, akaiweka katika chumba cha nyuma nyumbani kwake. Alisema habari itaandikwa mara moja na kusomwa kwa lugha tano: Ekegusii ya Wakisii, Kiswahili, Kijaluo, Kikipsigis na Kikuria. Ukurasa uleule, picha ileile, ili mtu asije akadhani jirani yake ameambiwa kitu kingine. Watoto wao walikunja karatasi kwenye meza ya kulia chakula na kuzibana pini. Mimi nilizipeleka Nyamira kwa baiskeli, na kwa kuwa shule niliiacha darasa la pili, jarida hilo ndilo lililonifundisha kusoma. Yangu yanatosha hapo.

Kazi ya Drusilla ilikuwa ya masikio. Ndivyo walivyoiita pale nyumbani. Kila lugha ilikuwa na sikio lake, mtu aliyezaliwa nayo, asiye msomi, mwenye shughuli zake. Ukurasa haukuingia kwenye mashine kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mtu huyo akiwa kazini. Sikio la Kikipsigis lilikuwa mzee mmoja aliyeleta maziwa kutoka upande wa Sotik. Sikio la Kijaluo lilikuwa Rispa Aoko, mjane aliyeuza samaki Daraja Mbili.

Drusilla hakujua Kijaluo alipoanza. Alijifunza herufi tu, akasoma kwa sauti maneno ambayo nusu yake hakuyaelewa, ameketi juu ya kreti la soda katikati ya ndizi na mitumba, huku Rispa akiparua magamba.

"Wewe Mkisii, unasoma kama mtu anayetafuna mifupa ya mbuta," Rispa alimwambia.

"Mifupa imo katika lugha yenu, haimo kinywani mwangu."

"Yawa! Haya, rudia hapo kwa daktari wa kuku. Hapo umemuua kuku kabla hajaugua."

Drusilla hakuutazama uso wa Rispa anaposoma. Aliwahi kuniambia kwamba uso wa mtu unaweza kukuheshimu tu, ukatikisika kukubali kitu ambacho haukukielewa. Alitazama mikono. Kisu kikiendelea kuparua, ukurasa ulirudi Suneka ukaandikwe upya. Kisu kikisimama, ukurasa ulikwenda kwenye mashine. Miaka ilipita hivyo, hadi Drusilla akawa anaota kwa Kijaluo, na Rispa akawa anamwita nyaminwa, yaani dada yetu, mbele ya wateja. Mwana wa Rispa, Odera, alikulia mgongoni mwa wote wawili. Walipogombana ilikuwa juu ya nani amempa peremende nyingi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa waliofariki, na huo ndio uliosomwa kwanza. Ombati aliuwekea sharti moja ambalo hakulilegeza kwa tajiri wala kwa chifu. Kifo cha mtu hakichapwi mpaka mmoja wa nyumba ya jarida awe amefika kwa mama wa marehemu, au kwa mjane, au kwa yeyote mwenye uchungu wa kwanza, akaketi, akaona kwa macho yake kwamba habari imekwisha kuingia.

"Hatumchapi mtu ambaye mama yake bado anamwekea chakula," alisema Ombati.

Aliyekwenda alikuwa Drusilla. Alipanda vilima vya Nyamira kwenye matope, akavuka mpaka hata katika miezi ambayo wanaume walikataa kuvuka, akaketi na wanawake asiowafahamu, akanywa chai yao, akarudi. Mara nyingine maziko yalipita kabla jarida halijatoka, na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo watu wa lugha tano walijua jambo moja kwa hakika: Kwa Jirani ikisema fulani amekufa, basi kuna mtu aliyekuja.

Ombati akazeeka, akafa, akazikwa kando ya migomba yake. Mwanawe Duke akarudi kutoka Nairobi alikosomea kompyuta.

Duke si mtu mbaya. Natangulia kusema hivyo kwa sababu nitamsema vibaya. Alikuta deni la karatasi, wino umepanda bei, vijana hawanunui kitu kinachoshikika mkononi. Alihamisha jarida mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la simu, akaiuza mashine ya babake kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilikuwepo walipoipakia. Walitupa rola yake ya wino juu ya mabati kama fupa. Jarida likaingia kwenye simu, na lugha tano zikawa kumi na moja, nyingine ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi hata kusalimiwa kwazo. Kompyuta ilitafsiri yenyewe.

Alikuja Daraja Mbili na mamake kuwaaga masikio. Alileta soda na keki, na kwa mkono wake akaingiza Kwa Jirani ya Kijaluo katika simu ya Rispa.

"Kwa hiyo siku hizi chuma ndicho kinachosikia?" Rispa aliuliza.

"Si chuma, Mama Odera. Ni kompyuta. Imejifunza lugha zote."

"Imejifunzia wapi? Mimi sijaiona hapa sokoni."

Wanawake wa samaki walicheka mpaka wakashikana mabega. Duke naye alicheka, na akamkumbatia Rispa, maana huyu alikuwa amemlea pia. Drusilla hakucheka. Alikuwa akitazama mikono ya Rispa, iliyoshika chupa ya soda bila kuifungua.

Lililobaki kwa Drusilla lilikuwa ukurasa wa mwisho. Hapo alisimama imara. Duke akakubali kwamba matangazo ya vifo yatasubiri mamake aende, na kwa muda yalisubiri. Lakini miguu ya Drusilla ilikuwa imeanza kuvimba, na matangazo yalikuwa yakiingia kutoka kila mahali. Akaenda kwa aliowaweza. Kwa wengine, Duke aliwapigia simu tu wafiwa, akamwambia mamake kwamba amekwenda.

Kisha likaja suala la Sabato. Nyumba ile ni ya Waadventista. Tangu Ombati, jua la Ijumaa likitua, mashine ilisimama hata kama ukurasa umechapwa nusu, na haikuguswa hadi Jumamosi jua limetua. Duke mwenyewe alikuwa ameacha kwenda kanisani tangu Nairobi, na hilo lilimuuma mamake kuliko mashine, kuliko masikio, kuliko miguu. Alimwambia kila wiki, naye kila wiki alikuwa na sababu.

Siku moja Duke alikuja Suneka na ombi. Nilikuwa pale nikimkatia Drusilla majani ya ng'ombe.

"Mama, watu wanasoma zaidi Ijumaa jioni na Jumamosi. Ndizo siku zao za kupumzika. Sisi ndizo siku tunazonyamaza."

"Sabato ni Sabato, Duke."

"Najua. Sikuambii mtu afanye kazi. Hakuna mkono utakaogusa kitu. Kompyuta itapokea yenyewe, itatafsiri yenyewe, itatuma yenyewe. Mimi nitazima simu yangu kama wewe."

Drusilla aliendelea kufunga majani.

"Tena nitakuja," Duke akasema. "Nitakuja kanisani niketi na wewe. Nani atanizuia kama sina kazi?"

Alijua alichokuwa akisema. Nilimwona Drusilla akiinama kuokota jani lililoanguka, akikaa huko chini muda mrefu kuliko jani lilivyohitaji.

"Kila Sabato?" akauliza.

"Kila Sabato."

"Basi kama hakuna mkono," Drusilla alisema.

Hakuuliza habari za ukurasa wa mwisho. Alikuwa akiwaza benchi la kanisa na kijana wake amevaa koti. Ningekuwa mzazi wa Duke ningewaza hilohilo.

Duke akatimiza. Sabato ya kwanza alikuja, ya pili akaja. Mamake aliimba kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Ombati azikwe.

Odera alikuwa mtu mzima sasa, akifanya kazi Mombasa kwenye yadi ya makontena. Ndiye mtoto pekee ambaye Rispa alibaki naye. Alhamisi moja alianguka kazini akishika kifua, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa amekata roho.

Binamu yake aliyeishi naye huko Mombasa alifanya mambo yote kama inavyopasa. Hakumpigia Rispa simu. Mama haambiwi kifo cha mwanawe kwenye simu, akiwa sokoni peke yake na kisu mkononi. Aliwapigia ndugu wawili wa marehemu babake Odera, wazee wanaoishi upande wa Oyugis, nao wakapanga kumwendea Rispa pamoja Jumapili asubuhi, kwa kuwa mmoja alikuwa safarini hadi Jumamosi. Siku hizo mbili Rispa angeachwa na amani yake. Halafu binamu, ili asisahau katika shughuli za kusafirisha mwili, akatuma picha na maneno machache kwa Kwa Jirani Ijumaa alasiri. Aliniambia baadaye, akilia, kwamba alituma mapema kwa kuwa aliijua ile Kwa Jirani ya utotoni mwake. Alijua haina haraka. Alijua kwamba Mama Drusilla lazima aende kwanza.

Jua likatua. Drusilla na Duke wakazima simu zao mezani, moja kando ya nyingine, wakaomba. Mjini, ghorofani, katika chumba kisicho na mtu, tangazo likapokelewa, likatafsiriwa kwa lugha kumi na moja, likatumwa. Hakuna mkono uliogusa kitu.

Rispa aliliona Jumamosi asubuhi. Aliletewa na jirani yake aliyekimbia na simu mkononi huku tayari analia. Rispa akatoa yake, akaona picha ya mwanawe, akasoma. Yaliyofuata niliambiwa na wanawake waliokuwapo, na wote walisimulia sawa.

Alimpigia Odera. Simu haikupatikana. Alimpigia binamu. Binamu aliona jina lake likiwaka, akaogopa, kwa sababu wazee walikuwa hawajafika, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Kisha akampigia Drusilla. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia tena, na tena, na Drusilla wakati huo amesimama kanisani ameshika kitabu cha nyimbo kimoja na mwanawe.

Rispa akaweka simu chini. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wengine wamekwisha kuvua vitambaa vya kichwa.

"Mnanililia nini?" akawauliza. "Fungeni vichwa vyenu."

"Mama Odera, ni Kwa Jirani yenyewe..."

"Ndiyo. Ni Kwa Jirani. Naijua kuliko ninyi. Nani amekuja hapa?"

Mmoja akamwonyesha simu tena.

"Nauliza, nani amekuja? Drusilla amekuja? Nyumba ile haichapi mtu bila kufika kwa mamake. Ningekuwa nimefiwa, Drusilla angekuwa ameketi hapo kwenye kiti. Kile chuma cha Duke kimekosea picha. Leo ni Sabato yao, kesho nitamtukana."

Akawatoa uani. Wanasema alikwenda sokoni mchana huo na kuuza samaki. Wanasema alitania wateja. Jioni alipika, akala, akafua shuka za kitanda ambacho Odera hulalia akija Krismasi, ingawa Krismasi ilikuwa mbali.

Suneka, jua la Jumamosi lilipotua, Drusilla alifunga Sabato kwa maombi. Nilikuwa nimepita kuwasalimu, nikawa nimeketi nao sebuleni. Duke akawasha simu yake, ikaanza kulia mfululizo. Akaitazama. Kwenye kioo nikaona picha ya Odera.

"Mama," akasema, akamnyooshea ile simu.

Drusilla akaichukua kutoka mkononi mwake. Alisoma Kijaluo, yeye ambaye zamani alikisoma bila kuelewa.

"Nani alikwenda kwa Rispa?" akauliza.

"Mama, jamaa zao wenyewe ndio walioleta. Ni habari ya kweli."

"Sikukuuliza kama ni ya kweli. Nani alikwenda?"

"Mimi nilikuwa na wewe, Mama. Kanisani. Tulikuwa wote."

"Nani alikwenda, Duke?"

"Hakuna."

Duke alitaka kumpigia Rispa papo hapo. Mamake akamshika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. "Hii haipigwi simu," alisema. Alidhani Rispa amekwisha kujua, kwamba yuko mahali fulani amelazwa mkekani na wanawake wamemzunguka. Alidhani kilichobaki ni kwenda kumwomba msamaha. Usiku ule miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vimekataa, na gari halikupatikana. Akasema tutakwenda alfajiri, na kwamba niende naye mimi, asiende Duke.

Tulifika Daraja Mbili kabla soko halijachangamka. Rispa alipanga nyumba chini ya mteremko nyuma ya soko, na njia ya kwenda kwake ni nyembamba, inateremka moja kwa moja hadi uani, kiasi kwamba aliye chini humwona anayekuja tangu juu. Drusilla alikuwa mbele, ameegemea fimbo, ameshika viatu mkononi. Hapakuwa na watu wala kilio, na mimi nilishangaa. Nadhani naye alishangaa, maana alipunguza mwendo.

Rispa alikuwa uani, anatandaza omena juu ya gunia ili zipate jua la kwanza. Akainua kichwa.

Nimeishi muda mrefu na nimesikia nduru nyingi. Ile haikuanza kama nduru. Ilianza kama mtu anayefukuza kuku.

"Rudi!" Rispa aliita. "Drusilla, rudi! Rudi ulikotoka!"

Drusilla akasimama.

"Usifike! Nakuomba, dada yangu, usifike hapa! Geuka! Wewe, mzee, mgeuze!"

Hapo ndipo Drusilla alipoelewa. Alisimama katikati ya mteremko ule, mguu mmoja mbele, na nawaambia aligeuka. Aligeuka kweli, akapiga hatua mbili za kupanda, kama kwamba akiondoka mbele ya macho ya Rispa kijana atafufuka. Kisha fimbo ikateleza, akakaa chini kwenye udongo. Huko uani Rispa naye alikuwa amekaa, juu ya omena, na sasa ilikuwa nduru, na milango ikafunguka kila upande. Wale wazee wawili wa Oyugis walifika baadaye kidogo, wamevaa makoti yao mazuri, wakasimama juu ya njia wakishika kofia. Kazi waliyoijia ilikuwa imekwisha kufanywa.

Odera alizikwa kwao. Drusilla alikwenda, akaketi nyuma pamoja na wageni. Baada ya maziko Rispa alimjia mwenyewe. Hakumfokea. Alizungumza Kijaluo, polepole, kama anavyozungumza mtu anayetaka aandikwe sawasawa.

"Simu ilisema amekufa, sikuiamini. Nilikuamini wewe. Jumamosi yote nilikuwa na mtoto, Drusilla. Nilimfulia shuka."



Duke alifanya alichojua. Aliandika radhi, na radhi ikatoka kwa lugha kumi na moja. Alisimamisha mashine siku za Sabato, kisha wasomaji wakalalamika, akairudisha. Kanisani haji tena, kwa sababu mamake alimwambia asije. Nilisikia kwa masikio yangu: "Nilikununua kwa bei ya mtoto wa mtu." Jarida linaendelea vizuri. Wanasema lina wasomaji hadi Arabuni. Ukurasa wa mwisho sasa hutoka kila saa, na wanaofariki wanapata maua ya rangi ambayo huchezacheza kwenye kioo. Hakuna anayetembea. Nikiwauliza vijana kwa nini, wananitazama kama nimewauliza kwa nini hawaendi haja porini.

Drusilla bado huenda Daraja Mbili siku ya Ijumaa mapema, apate samaki wa Sabato. Ningedhani angenunua kwa mwingine, lakini hununua kwa Rispa, na Rispa humuuzia. Nimewahi kusimama nao. Wanasalimiana kwa Kiswahili, si Kijaluo tena.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri. Nipimie hizo."

Rispa humpimia vizuri, akachota na kidogo cha juu, kama anavyomwongezea mteja yeyote, akafunga kwenye gazeti. Drusilla hulipa, hushukuru, husogea ili mwenye kumfuata apate nafasi.